Tunaziba Ufa, Nyumba Inazidi Kuzama

Wandugu, leo naomba nigombane kidogo na methali. Tena ni ile tuliyoimbishwa tangu shule ya msingi: usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee walikuwa na maana nzuri, kwamba tatizo lishughulikiwe likiwa bado dogo, na hapo sina neno. Neno langu liko kwenye namna tunavyoitumia methali hiyo kwenye nyumba zenyewe. Ukuta ukipasuka tunamwita fundi. Anachanganya saruji na mchanga kwenye karai, anaziba, anapiga rangi, tunamlipa, tunalala. Mvua zikirudi ufa nao unarudi, na safari hii umekuja na wadogo zake. Mwaka unaofuata tunamwita fundi yule yule.

Kwa mtindo huo tutaziba ufa kila mwaka na ukuta bado tutaujenga. Ufa ni kama homa. Unaweza kumeza dawa ya maumivu homa ikashuka, lakini kama ni malaria, malaria iko pale pale. Na ugonjwa wa nyumba zetu nyingi uko chini, kwenye udongo, mahali ambapo hakuna anayekwenda kuangalia kwa sababu hapapendezi wala hapana cha kupiga picha.

Haya mawazo yamenijia Namanyere. Kwa wale ambao jiografia ya shule imeshawatoka, Namanyere ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, unatoka Sumbawanga unaelekea kaskazini, na ukiendelea upande wa ziwa unateremka mpaka Kirando na Kipili, kwenye maji ya Tanganyika. Ni mji wa mahindi na maharage, wa baridi kali asubuhi za mwezi wa saba, na wa matofali mekundu ya kuchoma. Kila ukigeuka kuna mtu anajenga. Nilikuwa huko kwa shughuli za kifamilia, nikakaa siku kumi, na kwa sababu sikuwa na kazi nyingi nikawa natembea naangalia nyumba za watu. Ukishaanza kuangalia huwezi kuacha. Nyufa kama ngazi kwenye kona za madirisha. Baraza za saruji zilizoachana na nyumba zikabaki zimeinama kama mtu aliyesinzia. Milango iliyochongwa randa mara ya tatu ili ifunge.

Nyumba ya baba yangu mdogo ni mojawapo. Imejengwa kwa hela za watoto: mmoja yuko Mwanza, wawili Dar, mmoja Mbeya. Kila mmoja ametuma chake kwa simu, kidogo kidogo, kwa miaka kama mitano. Kwa nje inapendeza kweli. Bati la rangi, madirisha ya alumini, marumaru sebuleni. Ukiingia chumba cha nyuma unakuta sakafu imezama. Pale marumaru zilipokuwa zinagusa ukuta sasa kuna uwazi unaoingiza vidole viwili. Na kwenye kona ya dirisha kuna ufa uliopanda ukifuata maungio ya tofali, mwembamba chini, mpana juu.

"Baba, hii imeanza lini?" nikamuuliza.

"Mwanangu, tumeshaiziba mara tatu hii," akanijibu bila wasiwasi wowote. "Safari hii wenzako wamesema watatuma hela, tubandue marumaru zote tuweke mpya."

Marumaru mpya! Juu ya sakafu inayozama! Hapo ndipo nilipojua kwamba lazima niandike.

Jirani yake ni fundi wa siku nyingi, mmoja wa wale waliojenga mtaa karibu wote. Nikamwamkia, nikamwomba aje atuangalizie. Hakuugusa ufa kabisa. Alichukua mtarimbo akawa anagonga sakafu taratibu, chumba hadi chumba, ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Sebuleni sauti ilikuwa nzito. Chumba cha nyuma ikawa sauti ya ngoma. "Hapa chini pana uwazi," akasema. "Jamvi linaning'inia." Kisha akatoka nje, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama pale maji ya bati yanapodondokea. Mvua ilikuwa imechimba mfereji wake yenyewe, umefuata msingi mwanzo mpaka mwisho. Akautazama, akatutazama sisi. Hakusema kitu, na hakukuwa na haja.

Kabla sijasahau, kuna mtu pale mtaani alishaanza kunong'ona kwamba nyumba hiyo "imeangaliwa vibaya". Najua nanyi mnaopenda utani wa Sumbawanga mlishaanza kutabasamu. Poleni. Mchawi tumempata, na ni maji ya bati.

Sasa twende taratibu, maana hapa kuna magonjwa mawili na watu wengi wanayachanganya.

Ugonjwa wa kwanza ni wa jamvi, yaani ile sakafu ya zege. Mnajua tunavyojenga. Kiwanja kina mteremko, kama vilivyo viwanja vingi vya huko. Fundi anapandisha msingi mpaka usawa mmoja, ndani panajazwa kifusi, halafu juu yake linamwagwa zege. Upande wa juu wa mteremko kifusi kinaweza kuwa cha shubiri moja. Upande wa chini kinafika kiunoni. Utaratibu unasema kifusi kiwekwe kwa matabaka, kama sentimita 15 hivi kila tabaka, kinyunyiziwe maji kiasi, kishindiliwe mpaka kigome, ndipo tabaka lingine lifuate. Kinachofanyika ni udongo kumwagwa wote kwa mkupuo, vijana wanaukanyaga kwa miguu, wanamwagia ndoo kadhaa za maji, kesho yake zege. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Lakini udongo uliomwagwa hivyo umejaa hewa, na mwaka hadi mwaka unashuka kwa uzito wake wenyewe na kwa maji yanayopenya. Jamvi linabaki juu halina wa kulishika. Siku moja linakatika. Hapo kuta zinaweza kuwa nzima kabisa, sakafu tu ndiyo imekwenda.

Ugonjwa wa pili ni mkubwa zaidi: msingi wenyewe kutitia. Nyumba nzima ikishuka sawasawa, sentimita moja kila pembe, hakuna atakayejua. Kasheshe inaanza pale kona moja inaposhuka na nyingine tatu zimebaki. Ukuta wa tofali ni hodari wa kubeba uzito, lakini hauwezi kuvutwa. Ukivutwa unachanika, na unachanikia pale palipo dhaifu, kwenye maungio na kwenye kona za madirisha na milango. Ule ufa wa ngazi unaopanuka kwenda juu ni ukuta unakwambia, kwa lugha yake, kwamba mwisho wangu mmoja unazama.

Nyumba ya baba mdogo ina yote mawili. Na chanzo ni kimoja.

Naomba mnivumilie nifanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Rukwa hupata kati ya milimita 800 na 1,300 kwa mwaka. Tuchukue 1,000 ili hesabu iwe rahisi. Paa la mita 10 kwa 10 lina mita za mraba 100, kwa hiyo linakusanya lita 100,000. Hizo ni ndoo 5,000 za lita 20, na zinateremka zote katika ule msimu mmoja wa kuanzia Novemba mpaka Aprili. Gawanya kwa pande mbili za paa. Kila upande umemwagiwa ndoo 2,500 kwenye mstari mmoja, nusu mita kutoka kwenye msingi. Hebu fikiria jirani yako anakuja kila msimu kumwaga ndoo 2,500 za maji kwenye msingi wa nyumba yako. Si mngefikishana kwa mjumbe? Lakini bati letu linafanya hivyo hivyo na tunalisifia kwa rangi yake.

Nyumba za babu zetu za miti, udongo na nyasi tunazicheka. Lakini paa la nyasi lilikuwa linateremka chini na kutokeza mbele sana, maji yanadondokea mbali na ukuta. Na nyumba yenyewe ilikuwa nyepesi. Udongo ukicheza, nayo inacheza kidogo, unakandika tena yameisha. Sisi tumechukua kuta nzito za tofali, tukaweka bati lenye ukingo mfupi ili kuokoa hela, tukasahau gata. Tumebadili nyumba, hatukubadili hesabu ya maji.

Ongeza na udongo wenyewe. Sehemu za mabondeni kuna udongo wa mfinyanzi. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Huko kwenye uwanda miezi sita ni mvua na sita ni ukame, kwa hiyo msingi unapandishwa na kushushwa kila mwaka, tena kwenye kingo zaidi kuliko katikati, maana katikati pamefunikwa na nyumba. Halafu kuna viwanja ambavyo jana vilikuwa mashamba. Wafipa wanajulikana kwa kilimo chao cha matuta, ambapo nyasi hufukiwa ndani zikaoza zikawa mbolea. Ni maarifa makubwa kwa mahindi. Ila udongo wenye mboji unaolisha mahindi hauwezi kubeba nyumba, lazima uondolewe wote mpaka ukute udongo mgumu. Na kuna vichuguu. Udongo wa kichuguu unasifika kwa matofali, lakini ukisawazisha kichuguu ukajenga juu yake, chini umeacha mapango ya mchwa yakisubiri siku yao.

Hayo yote mafundi wanayajua. Yule mzee alinieleza mengi kuliko nilivyoandika hapa. Nikamuuliza, sasa kama mnajua, kwa nini mnajenga hivi? Akacheka. Akasema mwenye hela hayupo hapa, yuko mjini, na anachotaka ni picha.

Wandugu, hapo ndipo nilipochomwa, na hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Sisi tuliosoma, tulio mijini, ndio wenye nyumba hizi. Tunajengea wazazi, au tunajijengea sisi wenyewe kwa ajili ya baadaye. Tunasimamia ujenzi kwa simu. Fundi anatuma picha kwenye kundi la familia, tunaweka dole gumba, tunatuma hela nyingine. Sasa niambieni, kifusi kilichoshindiliwa vizuri kinapigwaje picha? Picha ya udongo ulioshindiliwa na ya udongo uliomwagwa tu ni picha moja. Kozi za tofali zinaonekana. Kenchi zinaonekana. Bati ndiyo kabisa, siku ya bati tunapongezana kama harusi. Fundi naye ana akili. Akitumia siku nne kushindilia, hatakuwa na cha kuonyesha, na atasikia, "Mbona kazi haiendi?" Akipandisha kozi sita kwa siku hizo hizo atatumiwa hela ya juma lijalo. Basi anafanya tunachokilipia.

Kwa hiyo naposikia watu wanasema mafundi wa mikoani ni wababaishaji, nakubali nusu. Wababaishaji wapo. Lakini ubabaishaji mwingine tunauagiza sisi wenyewe kutoka Sinza na Kinondoni.

Mtu ataniambia, wewe unaongea tu, watu hawana hela. Jamani, hela ya marumaru imepatikana. Hela ya dari la jipsamu imepatikana. Sijasema tuongeze bajeti, nasema tubadilishe foleni. Gata mbili na mtaro wa kuzunguka nyumba haviwezi kuzidi bei ya kubandua na kubandika marumaru za nyumba nzima. Na mtu mwingine atasema tungoje wataalamu na mitambo. Hilo nalo tuliangalie.

Marekani wana kampuni ambazo kazi yao ni hiyo tu, kuinua sakafu zilizozama. Wanatoboa matundu kwenye zege, wanasukuma chini yake kwa pampu uji wa saruji na udongo, au povu la kemikali linalotanuka, na sakafu inapanda taratibu mpaka usawa wake. Kwa msingi uliotitia wanapigilia nguzo za chuma mpaka zifike kwenye tabaka gumu, halafu wanainua nyumba kwa jeki. Ukiangalia video zake unaona kama mazingaombwe. Lakini hata hao watakwambia kwamba kabla ya povu na jeki, maji yaondolewe kwanza karibu na nyumba. Usipoyaondoa, utakuwa umeinua kitu ili kizame tena.

Kingereza kina kisa chake kizuri zaidi, cha Winchester. Kanisa kuu la mji huo lilijengwa na watu wa kale kwenye ardhi tepetepe, na mwanzoni mwa karne ya 20 kuta zikaanza kupasuka na kuinama. Wangeweza kuziba nyufa wakaendelea na sala. Badala yake walichimba mitaro chini ya kuta, na mitaro ikajaa maji. Basi akaletwa mzamiaji, William Walker, na kuanzia mwaka 1906 mpaka 1911 huyo bwana alikuwa anashuka kwenye giza la maji, kina cha mpaka mita 6, akipanga mifuko ya zege kwa kupapasa kwa mikono. Mifuko zaidi ya 25,000. Kanisa limesimama mpaka leo. Baadaye, mwaka 1964, wakamtengenezea sanamu ya kumshukuru, na mchongaji akakosea, akachonga sura ya mhandisi badala ya mzamiaji! Sanamu sahihi ilikuja kuwekwa mwaka 2001. Unaona? Mtu anayefanya kazi ya chini hata akiliokoa jengo zima bado sura yake haijulikani.

Namanyere haihitaji mzamiaji. Mzee wetu alitupangia kazi kwa mpangilio ambao nauandika hapa kwa faida ya wote.

Kwanza ni maji. Weka gata, peleka maji kwenye tangi au kwenye mtaro unaotoka nje ya kiwanja. Udongo unaozunguka nyumba uinamishwe uelekee nje, mita moja na zaidi, ili hata tone linalodondoka likimbie msingi. Shimo la maji taka na bafu la nje visogezwe mbali. Hela ya kwanza kutumwa iwe ya hapa.

Pili ni kusubiri, na sisi kusubiri hatuwezi. Bandika kipande chembamba cha kioo kwa saruji juu ya ufa, ukivuka upande huu na huu, andika tarehe kwa penseli. Acha msimu mmoja wa mvua upite. Kioo kikiwa kizima, nyumba imetulia, na unaweza kuziba ufa wako kwa amani. Kikipasuka, nyumba bado inatembea, na saruji yoyote utakayopaka ni sadaka.

Tatu ndiyo kutibu. Jamvi lililozama linavunjwa chumba kile tu, kifusi kibovu kinatolewa, kinarudishwa moramu kwa matabaka na kushindiliwa, ndipo zege jipya linamwagwa. Msingi uliotitia unachimbwa chini yake na kuongezewa zege mpaka kwenye udongo mgumu, lakini kwa vipande vya kama mita moja moja na kwa kurukaruka: unachimba cha kwanza, unaacha majirani zake, mpaka zege likomae na nafasi ya juu ishindiliwe mchanganyiko mkavu wa saruji. Ukichimba upande wote kwa mpigo, nyumba inakuja juu ya vijana wako. Kazi hiyo isifanywe bila mtu anayeijua kusimama pale pale, na kama kuna mhandisi wa kumuuliza, aulizwe. Hapo hakuna utani.

Nne, na mwisho kabisa, plasta, rangi na marumaru.

Angalieni basi tunavyofanya. Tunaanza na nne, tunaishia na nne.

Na msidhani haya ni mambo ya urembo. Ufipa uko kwenye Bonde la Ufa, bonde ambalo jina lake lenyewe linatosha. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7 na zaidi, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Tarehe 5 Desemba 2005 likaja la 6.8 kutoka Ziwa Tanganyika, wengi wetu tunalikumbuka. Na Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 tu lilibomoa nyumba nyingi Kagera na kuua watu zaidi ya 15. Nyumba iliyokaa sawasawa juu ya udongo mgumu ina nafasi ya kuvumilia. Nyumba ambayo tayari kona yake moja inaning'inia na nyufa zake zimefichwa kwa rangi, hiyo imeshaanguka nusu, inasubiri kusukumwa. Na ndani yake analala mzee tuliyemjengea kwa mapenzi.

Niseme pia na sisi wa kalamu. Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka katikati ya Dar tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, tuliandika kurasa na kurasa. Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, zaidi ya 20 wakafa, tukakesha pale na kamera. Ilikuwa sahihi kukesha. Lakini nyumba inayozama sentimita moja kwa mwaka huko Nkasi haina kishindo, haina waziri anayekuja kutoa pole, kwa hiyo haina habari. Ningependa siku moja gazeti litume mwandishi mkoani mwezi wa kumi, kabla ya mvua, akaulize halmashauri swali moja tu: mnapotoa kibali cha ujenzi mnaangalia ramani ya karatasi, je, kuna mtu anayekwenda kusimama kwenye mtaro wa msingi kabla zege halijamwagwa? Dakika 20 za ofisa mwenye mtarimbo zingeokoa familia nyingi miaka 20 ya kuziba nyufa.

Nilipotoa pendekezo langu kwenye kundi la familia, kwamba marumaru zisubiri na hela iende kwenye gata na mtaro, kimya kilikuwa kirefu. Kisha binamu yangu wa Mwanza akaandika, "Yaani tumchangie mzee hela ya mtaro?" Akaweka na vikaragosi vya kucheka. Mjadala unaendelea mpaka ninavyoandika. Wawili wako upande wangu, mmoja anataka kwanza aone picha. Ya mtaro!

Nawaomba nanyi mlio na nyumba inayojengwa mahali ambapo hampo, kabla ya kubonyeza kutuma, mpigieni fundi mumuulize maswali matatu. Kifusi kimeshindiliwa matabaka mangapi? Chini ya msingi tumekuta udongo gani? Maji ya paa yataelekea wapi? Kama hana majibu, msitume ya bati. Na kama ana majibu, mlipeni zile siku nne za kushindilia bila kumsumbua na picha, tena mwongezeeni na ya soda.

Methali yetu naiacha kama ilivyo, wazee hawakukosea. Naongeza mkia mmoja tu: kabla hujaziba ufa, inama kwanza uangalie chini. Mnaonaje wandugu? Naomba kuwasilisha.